Kutafuta Chanzo cha Milio na Hitilafu za Umeme katika Pikapu ya Zamani

Pikapu ya zamani ambayo kazi yake ni kupandisha saruji Marangu na kushusha ndizi Moshi haikosi kulia mahali fulani, na wamiliki wengi hupoteza fedha kwa kununua kipuri kabla ya kujua mlio unafuata kitu gani. Ukiwa umesimama, weka gia huru, kisha ongeza moto taratibu. Mlio ukisikika na kupanda pamoja na mzunguko wa injini, chanzo kiko mbele: mkanda wa feni, alteneta (kifaa kinachozalisha umeme na kuchaji betri), pampu ya maji au ekzosi inayovuja kwenye maungio. Usiposikika mpaka gari litembee, tafuta barabarani. Kwenye kipande tambarare kisicho na msongamano, kanyaga klachi gari likiwa katika mwendo na uiache injini itulie. Mlio ukiendelea kama ulivyokuwa, iache injini na uelekee kwenye magurudumu, propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) na difu (gia za ekseli ya nyuma). Jaribio hili lisifanywe kwenye mteremko wa kutoka Marangu kwenda Himo, kwa kuwa huko breki zinahitaji msaada wa injini.

Mvumo unaozidi kadiri mwendo unavyoongezeka kwa kawaida hutoka kwenye beringi za magurudumu au kwenye matairi yaliyolika vibaya. Unapokata kona kwenda kulia, uzito huhamia upande wa kushoto. Mvumo ukiongezeka wakati huo, anza na beringi za kushoto. Zuia matairi kwa mawe, inua gurudumu, weka stendi chini ya gari (jeki peke yake haitoshi), kisha shika tairi juu na chini na ulitikise, halafu ulizungushe kwa mkono usikilize kama linakwaruza. Kishindo kimoja wakati wa kuondoka au kubadili gia mara nyingi hutoka kwenye krosi za propela (viungo vya shafti hiyo), hasa kama hazijapata grisi baada ya safari za vumbi. Milio inayosikika kwenye matuta tu, kama yale ya Usa River, ikaguliwe kwenye bushi (mipira ya maungio) za springi za nyuma na za shokapu. Ukilinganisha gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, utapata fununu nzuri.

Kwa upande wa injini, mkanda unaopiga kelele asubuhi unyunyizie maji kidogo, ukiwa umeweka mikono na nguo mbali na feni. Kelele ikikoma kwa muda mfupi kisha ikarudi, mkanda umechakaa au puli (magurudumu madogo ya mkanda) hazijanyooka. Ikizidi, mkanda umelegea. Mlio unaotokea klachi inapokanyagwa huelekeza kwenye beringi ya klachi, na unaopotea inapokanyagwa huelekeza ndani ya gia boksi.

Umeme unahitaji subira zaidi, na mita ya bei nafuu itakuokolea betri nyingi zisizo na kosa. Hakikisha kwanza kwamba mfumo ni wa volti 12, kwa sababu baadhi ya magari ya zamani ya dizeli hutumia 24. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6, na ikionyesha 12.2 imebaki na karibu nusu. Injini ikiwaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.4; ikiwa pungufu ya hapo, kagua mkanda, nyaya na alteneta. Betri dhaifu inaweza kuwasha gari Moshi bila shida na bado ikashindwa alfajiri ya Julai Arusha, kwa kuwa baridi huifanya oili kuwa nzito na betri kutoa nguvu kidogo. Ipo pia tabia ya kuchomoa waya wa betri injini ikiwaka ili kupima kama alteneta inachaji. Mkatalie fundi anayetaka kufanya hivyo, maana volti hupanda ghafla na kuweza kuua dayodi za alteneta (vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu) pamoja na vifaa vingine.

Kabla ya kulaumu stata (mota ya kuwasha injini) inayogonga tu bila kuizungusha injini, pima waya wa athi, yaani ule unaounganisha upande hasi wa betri na chuma cha gari. Gusa ncha hasi ya betri kwa waya mmoja wa mita na chuma cha injini kwa waya wa pili, kisha mtu apige stata: zaidi ya nusu volti ni dalili ya kutu au muungano uliolegea. Fungua upande hasi kwanza, osha vichwa vya betri kwa maji ya moto yenye magadi, suuza, kausha, kisha ukaze, upande hasi ukiwa wa mwisho. Taa za nyuma zinazochanganyikiwa, kwa mfano indiketa kupepesa ukikanyaga breki, karibu kila mara zina athi mbovu chini ya bodi ya mizigo, mahali tope la masika linapokaa.

Fyuzi inayokatika tena na tena inaonyesha waya uliogusa chesisi (fremu ya chuma ya gari), na mara nyingi ni ule ulioongezwa kwa ajili ya redio au taa za ziada. Kuweka fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya ni kualika moto.

Kama betri huisha usiku, zima kila kitu, funga milango, chomoa waya hasi na uunganishe mita ya ampea kati ya waya huo na betri, bila kuwasha gari. Baada ya dakika kadhaa, kiwango kisizidi ampea 0.05. Kikizidi, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka kishuke, na ufuate nyaya za fyuzi hiyo. Kisiposhuka hata baada ya fyuzi zote kutoka, chomoa waya mnene wa alteneta kwa uangalifu, betri ikiwa imetenganishwa, kisha upime tena, kwa sababu dayodi iliyoharibika huvujisha umeme bila kupitia fyuzi yoyote ya kawaida.