Jinsi ya kupima pengo la mishahara kati ya makabila kazini

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inazuia taasisi ya umma Kenya kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Basi ripoti huhesabu vichwa na kuishia hapo. Thuluthi inatimia, kumbe jamii moja imejaa kwenye umeneja na nyingine kwenye ufagio na usukani.

1. Pata kabila kutoka kwa mwenyewe. Usikisie kwa jina. Mke wa mtu huenda anatumia jina la jamii ya mumewe. Weka pia nafasi ya "sitaki kusema". Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu asili ya kikabila kuwa data nyeti, kwa hiyo tumia namba za wafanyakazi, majina yabaki nje.

2. Chagua mwezi wa kawaida, usio na malimbikizo wala bonasi. Waondoe walio kwenye likizo bila malipo.

3. Tafuta malipo ya saa. Jumlisha mshahara na marupurupu ya kudumu, acha ovataimu. Saa 40 kwa wiki, mara 52, gawa kwa 12, ni kama saa 173 kwa mwezi. Mwenye 60,000 na 12,000 za nyumba anapata shilingi 416 hivi kwa saa.

4. Linganisha malipo ya katikati. Panga kila kundi kuanzia mdogo hadi mkubwa, uchukue aliye katikati. Wastani huvutwa juu na wakurugenzi wawili. Tuseme kundi moja lina 400, jingine 320: tofauti ni 80, gawa kwa 400, pengo ni asilimia 20.

5. Rudia ndani ya kila daraja. Hapa ndipo penye kazi. Pengo likitoweka ndani ya daraja, chunguza ajira na vyeo. Likibaki, fungua mafaili: nani alianzia ngazi ya juu ya mshahara, na kwa barua ya nani? Mimi huanza na posho ya kukaimu. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inaweka kikomo cha miezi 6, lakini utakuta mtu amekaimu mwaka wa pili.

6. Andika ripoti. Kundi la watu watatu usilichapishe, watajulikana. Taja waliokataa kujibu ni wangapi. Kando ya kila pengo weka sababu na ushahidi wake, maana chini ya kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007, mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakubagua.