Kadi ya Idi yenye ua lililoinuka, kwa muhuri wa mpira

Chukua manila ya A4 ikunje katikati upate kadi ya A5, halafu gonga muhuri wa ua mara nne kwenye karatasi nyeupe nzito kidogo, na wino uache ukauke kabisa kabla hujashika mkasi maana ukichafuka ndo basi tena. Ua la kwanza kata lote, la pili toa majani, la tatu bakiza petali za ndani tu, la nne kiini cha katikati. Petali zizungushie kwenye kalamu zijikunje, hapa usiharakishe kabisa, ndo panapoleta uhai wote! Bandika mbele ya kadi kwa vipande vya tepu ya sponji ya pande mbili, tabaka juu ya tabaka kuanzia ua la kwanza, mistari ilingane. Gundi ya maji mi siipendi, inalaza kila kitu. Bahasha tafuta pana kidogo, maana ua limeinuka.