Jinsi ya kuandika sheria za pete inayomharibu anayeivaa (na bado asitake kuivua)

Mara ya kwanza kuweka upanga wa laana kwenye kampeni yetu ya Dungeons & Dragons (D&D, mchezo wa mezani wa kuigiza ambao mimi ndiye mwendeshaji, na kampeni ni hadithi moja ndefu tunayoicheza sesheni kwa sesheni) niliandika hivi: kila alfajiri rusha dadu la pande 20, usipofika 15 roho inaharibika kidogo. Nikajiona fundi kweli. Sasa jamaa aliyeupata hana bonasi yoyote ya busara ya kuongeza kwenye dadu, yaani kila asubuhi ana asilimia 70 ya kuharibika hata kama upanga haujatoka kwenye ala, akapiga hesabu, sesheni ya pili akautupa mtoni. Ikala kwangu.

Laana ilikuwa inakuja yenyewe tu, mchezaji hana anachochagua. Siku hizi naanza na utamu. Angalia Mkono na Jicho la Vecna, viungo vya mchawi mwovu wa humo kwenye mchezo, vimeingia kwenye D&D tangu 1976, ili uvitumie lazima ukate mkono wako au ung'oe jicho lako na bado wapo wanaokubali!

Natumia kitu naita doa. Mchezaji akirusha dadu akakosa, hapo hapo wakati bado inamuuma, namuuliza taratibu: pete inaweza kukusaidia, unataka? Akikubali anaongeza dadu la pande 6 kwenye matokeo yake na anaandika doa 1 kwenye karatasi, halafu anarusha la pande 20, ikitoka namba sawa na madoa yake au chini ya hapo anapanda hatua moja ya laana. Doa la kwanza hatari ni asilimia 5, anacheka. La pili 10, la tatu 15, kila moja unaiona ndogo ila mpaka anafika doa la tano uwezekano wa kuwa ameshanaswa angalau mara moja umevuka nusu. Usimfiche hesabu hii, mwache aione.

Hatua zenyewe usiandike "toa 2 kwenye nguvu", inaboa. Andika masharti, hapa pete za majini za kwetu zimewapita mbali watengeneza gemu. Hatua ya kwanza, pete haitaki kuvuliwa usiku. Ya pili, haitaki useme asante kwa mtu yeyote. Ya tatu haitaki mwenzako atibiwe kabla yako, akitibiwa yeye kwanza pete inazima mpaka jua lizame. Kuvunja sharti anaruhusiwa, ila nguvu hana, na bosi, yule adui mkubwa, yupo mlangoni.

Hatua ya mwisho wengi wanamnyang'anya mtu karekta, yaani mhusika anayemchezesha. Mimi sifanyi hivyo, labda tuwe tumekubaliana kabla ya kampeni kuanza, mtu kalea karekta mwaka mzima afu umchukulie kwa dadu moja?

Kusafisha madoa nako kuwe na bei. Kwenye toleo la 5 la D&D, mhusika ambaye ni kasisi akifika levo ya 5 anaweza kuwa na uchawi wa kuondoa laana, anamtenganisha mtu na kitu chake mara moja, kwa hiyo andika kabisa kwamba pete hii haiguswi na huo. Doa moja litoke kwa wiki nzima ya kwenye mchezo bila kuitumia.

Na hiyo wiki wewe endelea kuuliza, hata kwa kufuli la mlango wa stoo. Mezani kwangu wenzake washazoea, nikisema tu "pete inaweza..." wote wanapiga kelele HAPANA, na yeye huku anainama kama anatafuta kitu chini ya kiti, mkono ushafika kwenye dadu la pande 6.