Namna ya Kuamua Pamoja katika Kikundi cha Tabianchi Mashinani

Kikundi cha tabianchi katika kaunti ya Kisumu huwakutanisha watu wenye hasara tofauti: mvuvi wa Dunga ambaye gugumaji limemzibia njia ya mashua, mkulima wa Ahero ambaye mto Nyando ukifurika humharibia mpunga, na mwanafunzi wa Maseno anayetaka maandamano mara moja. Kwa hiyo, kabla hamjajadili mtafanya nini, kubalianeni nani ataamua jambo gani, kisha yaandikeni makubaliano hayo.

Kazi za kawaida, kama vile kutunza kitalu cha miche au kukodi viti, ziachieni kamati ndogo iliyokabidhiwa mamlaka kwa maandishi yanayotaja mipaka ya kazi, kiasi cha fedha, tarehe ya kumaliza na watu wa kushauriwa. Kamati hailazimiki kufuata kila ushauri, ila inalazimika kuwauliza watakaoguswa na uamuzi. Mkutano mkuu ubaki na mambo machache: malengo, matumizi makubwa, ushirikiano na mwanasiasa au mfadhili, na hatua yoyote inayoweza kumhatarisha mwanachama.

Kwa mambo hayo makubwa, napendekeza ridhaa, yaani pendekezo lipite pasipokuwa na pingamizi lenye sababu, badala ya kura, kwa sababu kura inayopita kwa tofauti ndogo huacha karibu nusu ya kikundi ikitekeleza jambo isiloliamini. Utaratibu huu si mgeni magharibi mwa Kenya. Marafiki, yaani Wakristo wa madhehebu ya Quaker, waliofungua misheni yao Kaimosi mwaka 1902, hawapigi kura katika mikutano yao ya shughuli za kanisa. Karani husikiliza hadi atambue mkutano umeelekea wapi, huuandika mwelekeo huo, kisha huwauliza waliohudhuria kama ameandika sawasawa.

Mleta pendekezo alisome, wengine waulize maswali ya kufafanuliwa tu, kisha kila mmoja atoe maoni yake kwa zamu pasipo kukatizwa. Zamu hiyo msianze na mwenyekiti wala wazee, kwa maana wakishasema wao, vijana wengi na akina mama huona haya kuwapinga hadharani. Aanze yule ambaye nyumba yake huingia maji. Anayejieleza vizuri zaidi kwa Kijaluo aachwe aseme kwa Kijaluo, na atafutwe wa kumtafsiria. Vilevile, mkutano unaoitishwa saa ambazo wauza samaki wako sokoni umekwisha kuwanyima sauti kabla haujafunguliwa.

Hapo ndipo mwendeshaji aulize: “Je, kuna anayeona kwamba pendekezo hili litadhuru lengo letu au watu wetu?” Kutolipenda pendekezo si pingamizi, pingamizi lina sababu, na sababu hiyo ni mali ya kikundi kizima, kwa hiyo wote washirikiane kulirekebisha pendekezo au kulijaribu kwa muda maalumu. Wekeni pia njia ya mwisho, kwa mfano theluthi mbili ya kura baada ya mikutano miwili, ili mtu mmoja asiweze kukikwamisha kikundi daima.

Maandamano yana masharti yake. Ibara ya 37 ya Katiba inalinda haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, lakini Sheria ya Utulivu wa Umma inataka polisi waarifiwe kati ya siku 3 na 14 kabla, na hivyo uamuzi wa dakika za mwisho unaweza kuwaponza waandamanaji. Hata kikundi kikisharidhia, kila mwanachama abaki na uhuru wa kutokwenda; si haki wanaobaki nyumbani wamwamulie mwingine kukamatwa.

Mkisajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, utieni utaratibu huu katika katiba ya kikundi. Baada ya kila mkutano, katibu asome maamuzi kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, akitaja mtekelezaji, sababu zilizotolewa, na tarehe ambayo uamuzi utaangaliwa upya.