Namna ya Kumpima Lainibeki wa Chuo Anayeelekea NFL

Katika futiboli ya Kimarekani, lainibeki ni mlinzi anayesimama nyuma ya wale wazito wa mstari wa mbele na mbele ya mabeki wa mwisho, yadi nne au tano kutoka mahali mpira unapoanzishwa. Nafasi yake inakaribiana na ya kiungo mkabaji katika soka, kwa kuwa anatakiwa kuzima mbio za wapinzani wenye mpira zinazopita katikati, kuwakaba wapokeaji wanaojipenyeza nyuma yake, na mara nyingine kumvamia kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulio na kutupa pasi. Kazi hizo tatu hudai maumbile na akili tofauti, na ndiyo maana ni vigumu kumtabiri kijana wa nafasi hii kabla ya drafti, ambamo timu 32 za NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu, hugawana wachezaji wa vyuo kwa raundi saba. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya shabiki anayetaka kufikia hukumu yake mwenyewe kwa kutazama, badala ya kurudia orodha zilizopangwa na wengine.

Jambo la kwanza ni kuiweka kando idadi ya watu aliowaangusha. Ni takwimu inayovutia macho, na wakati mwingine husema kweli: Luke Kuechly aliandikiwa 532 katika misimu mitatu akiwa Boston College, akachukuliwa wa tisa na Carolina Panthers mwaka 2012, na mwaka uliofuata akawa mlinzi bora wa ligi nzima. Hata hivyo, idadi hiyo huandikwa na watunza takwimu wa timu mwenyeji, ambao si wote wana mkono mmoja katika kugawa sifa pale walinzi wawili wanapomwangusha mtu pamoja. Vilevile lainibeki wa timu dhaifu hukaa uwanjani muda mrefu kuliko wa timu imara, kwa hiyo hupata nafasi nyingi zaidi za kuangusha. Zaidi ya yote, mkimbiaji aliyezuiwa baada ya yadi moja na yule aliyezuiwa baada ya yadi nane huhesabiwa sawasawa, ilhali wa kwanza ni ushindi wa ulinzi na wa pili ni hasara iliyokatizwa tu. Tengeneza jedwali lako, na kwa kila aliyeangushwa andika ni yadi ngapi zilikuwa zimeshapatikana, na kama lainibeki alilazimika kumshinda kwanza mzuiaji, yaani mpinzani anayemfungulia mkimbiaji njia, au aliachiwa njia wazi.

Chagua mechi kwa uangalifu. Mechi nne zilizochaguliwa vizuri hufundisha zaidi ya msimu mzima wa vipande vya matukio bora, ambavyo kazi yake ni kuonyesha mazuri peke yake. Tafuta moja dhidi ya timu inayopenda kukimbia na mpira, moja dhidi ya timu inayopiga pasi nyingi, moja ambayo timu yake ilipoteza, na moja dhidi ya safu yenye wazuiaji ambao nao wanaelekea NFL. Picha nzuri kuliko zote ni ile inayopigwa kutoka juu na kuonyesha wachezaji wote 22, lakini mashabiki wengi hawaipati kwa mechi za vyuo. Wakati huo marudio yanayopigwa kutoka nyuma ya goli hukufaa sana, kwa sababu huonyesha mianya kati ya wazuiaji jinsi lainibeki mwenyewe anavyoiona.

Tazama kila shambulio mara tatu. Mara ya kwanza macho yako yawe kwake tu. Mara ya pili yawe kwa gadi anayesimama mbele yake, yaani mzuiaji aliye kando ya senta (mchezaji anayeanzisha mpira). Mara ya tatu tazama uwanja wote. Gadi ndiye kitabu ambacho lainibeki hukisoma. Kichwa chake kikiinuka na mwili ukirudi nyuma, kwa kawaida pasi inakuja. Akisukuma mbele akiwa chini, ni mbio. Akichomoka na kukimbia kwa upande, mara nyingi anaonyesha mpira unakokwenda. Unachotafuta ni muda unaopita kati ya ishara hiyo na hatua ya kwanza ya lainibeki, na kama hatua hiyo inaelekea mahali sahihi. Naamini hakuna kipimo kingine cha nafasi hii kinachokaribia uzito wa hiki. Mchezaji mwenye kasi ya wastani anayeanza mapema katika mwelekeo sahihi humfikia mkimbiaji kabla ya mwenye kasi kubwa anayeanza kwa kosa kisha akageuka.

Hapa pana mtego unaowanasa watazamaji wengi. Anayesoma na anayekisia hufanana kwa mashambulio mawili au matatu. Anayekisia huruka mbele upesi, huingia mwanya kwa kishindo, na watangazaji humsifu. Kisha kwotabeki anajifanya kumkabidhi mkimbiaji mpira, anauondoa, na kuutupa kwenye eneo ambalo lainibeki amelihama. Ili kuwatenganisha, kusanya mashambulio yote ya hadaa ya namna hiyo katika mechi zako na uyatazame kwa mfululizo. Anayesoma hupiga hatua moja mbele, hugundua, hugeuka, na kurudi katika njia ya pasi. Anayekisia huwa ameshamezwa na wazuiaji.

Uwe mwadilifu kwake pia, kwa sababu sheria za vyuo humtatiza kwa namna ambayo NFL haitamtatiza. Katika vyuo, mzuiaji huruhusiwa kusonga hadi yadi tatu mbele ya mstari wakati pasi inatupwa mbele. Katika NFL ni yadi moja tu. Kwa hiyo timu za vyuo hucheza mashambulio ambayo wazuiaji wanakwenda kana kwamba ni mbio, huku kwotabeki akisubiri kumwona lainibeki anaelekea wapi ndipo aamue kukabidhi mpira au kupiga pasi. Katika hali hiyo lainibeki akisita, kusita huko si lazima kuwe udhaifu wake. Tofauti nyingine iko kwenye alama za ndani ya uwanja zinazoamua mpira uanzishwe wapi: katika vyuo zimeachana futi 40, yaani zaidi ya mita 12, na katika NFL zimeachana futi 18 na inchi 6, chini kidogo ya mita sita. Mpira ukianzishwa kwenye alama ya pembeni chuoni, upande mmoja huwa na takriban mita 30 za kulindwa. Katika NFL upande mpana hauzidi mita 27 na ushei. Kijana anayeonekana kuchelewa kufika kwenye mstari wa kando chuoni anaweza kufika kwa wakati akiwa ligini.

Baada ya macho, tazama mikono. Mzuiaji wa kilo 140 anapomjia, lainibeki hufanya moja kati ya mambo mawili: humkwepa au humpokea kwa mikono, humnyoosha mbali na kifua chake, kisha humtupa upande na kumfuata mkimbiaji. Yote mawili ni halali, ila anayekwepa lazima akwepe kwa kupita mbele, upande wa mpira. Anayezunguka nyuma ya mzuiaji huacha mwanya aliokabidhiwa, na hata akija kumwangusha mkimbiaji atakuwa ameshatoa yadi sita. Hapa ndipo mechi dhidi ya wazuiaji wakubwa inapokuwa na thamani. Mnamo Januari 2013, Manti Te'o wa Notre Dame, aliyeshika nafasi ya pili katika kura za tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo, alikutana na timu ya Chuo Kikuu cha Alabama katika fainali ya vyuo. Mbele yake walikuwapo Chance Warmack na D.J. Fluker, ambao wote walichukuliwa katika raundi ya kwanza mwaka huohuo. Alabama ilishinda 42 kwa 14, na Te'o aliwakosa wakimbiaji aliozoea kuwaangusha. Msimu huo alikuwa amenasa pasi saba, jambo adimu kwa lainibeki, na sifa hiyo haikufutwa na usiku mmoja. Lakini usiku huo ulijibu swali ambalo mechi nyingine hazikuliuliza. Alichukuliwa wa 38, katika raundi ya pili.

Ukabaji wa pasi ndio siku hizi unaoamua kama lainibeki atabaki uwanjani au atatolewa. Timu za NFL hucheza zaidi ya nusu ya mashambulio zikiwa na mabeki watano wa nyuma, maana yake malainibeki wanaobaki ni wawili tu, na hakuna pa kumficha asiyeweza kukaba. Anapolinda eneo, angalia kama anamtazama kwotabeki huku akihisi wapokeaji wanaopita nyuma yake, au kama anarudi hadi sehemu aliyoelekezwa na kusimama hapo akilinda nyasi. Fred Warner, aliyechukuliwa na San Francisco 49ers katika raundi ya tatu mwaka 2018 kutoka chuo cha BYU, ni mfano wa kusoma: anarudi nyuma sana, nyonga zake zikigeuka bila kukwama, na kwotabeki anayedhani katikati pako wazi humkuta hapo. Anapokaba mtu kwa mtu, mtazame dhidi ya mkimbiaji anayetoka kupokea pasi pembeni, kisha dhidi ya taiti endi mrefu, yaani mpokeaji mwenye mwili mkubwa anayeanzia mwisho wa mstari wa wazuiaji. Kama chuo chake hakimpi kazi hizo, usiandike kwamba hawezi; andika kwamba hajaonekana, kisha utafute ushahidi katika mazoezi ya Senior Bowl huko Mobile, Alabama, ambako malainibeki hukabiliana na wakimbiaji mmoja mmoja.

Kuhusu namna ya kuangusha, maneno machache yanatosha. Miguu iwe chini ya mwili wakati wa kugusana, kichwa kiinuliwe, na mikono ifunge. Hesabu anaowakosa kwenye uwazi, si katikati ya msongamano.

Sasa ndipo uangalie vipimo vya Indianapolis, ambako NFL hukusanya vijana kila mwaka kabla ya drafti. Mbio za yadi 40, karibu mita 37, ndizo husemwa zaidi. Kuechly alizikimbia kwa sekunde 4.58 na Te'o kwa 4.82, na mtu angeweza kudhani jibu liko hapo. Lakini Aaron Curry wa Wake Forest, mshindi wa tuzo ya Butkus ya lainibeki bora wa vyuo mwaka 2008, alikimbia kwa 4.56, akachukuliwa wa nne na Seattle Seahawks mwaka 2009, na kabla msimu wake wa tatu haujaisha alikuwa ameshauzwa kwa Oakland Raiders. Kwa upande wa pili, Zach Thomas wa Texas Tech, aliyeonekana mfupi mno kwa kazi hii, alisubiri hadi raundi ya tano mwaka 1996. Miami Dolphins wakapata mchezaji aliyeingizwa katika Jumba la Umaarufu mwaka 2023. Soma zaidi muda wa yadi kumi za mwanzo na vipimo vya kugeuka ghafla, kwa kuwa lainibeki ni nadra kukimbia yadi 40 kwa mstari mnyoofu. Idadi ya mara anazoinua chuma cha kilo 102 akiwa amelala haiongezi mengi. Kipimo kikipingana na ulichokiona kwenye picha, rudi kwenye picha kabla ya kubadili hukumu.

Afya ni sehemu ambayo shabiki hana faili la daktari, lakini historia ya majeraha hujulikana, na ipewe uzito wake. Jaylon Smith wa Notre Dame alikuwa na kipaji cha raundi ya kwanza hadi alipoumia goti vibaya katika mechi ya mwisho ya chuo, Januari 2016, akakatika kano na kuharibika neva. Dallas Cowboys walimchukua wa 34, akakaa nje msimu mzima, na alirudi kucheza kwa kiwango kizuri. Kuechly mwenyewe, baada ya mitikisiko ya ubongo, alistaafu Januari 2020 akiwa na umri wa miaka 28. Mtu anayepima wachezaji wa nafasi hii ana wajibu wa kuliandika jambo hilo bila kulipunguza, kwa kuwa ni maisha ya mtu.

Kisha kuna uongozi. Katika NFL mlinzi mmoja huvaa kofia yenye redio ya kupokea maagizo ya kocha, na mara nyingi huyo ni lainibeki. Vyuo vikubwa vimeruhusu redio hiyo tangu 2024. Huwezi kumsikia, lakini unaweza kumwona: kabla mpira haujaanzishwa, ni nani anayenyoosha mkono, anayewasogeza wenzake, anayebadili mpango wapinzani wanapohama? Na wenzake humtii mara moja, au hugeuka kutafuta benchi?

Unapoandika hukumu yako, usitoe alama tupu. Taja kazi atakayopewa na mfumo utakaomfaa. Zack Baun alikuwa mvamizi wa pembeni Wisconsin, akachukuliwa raundi ya tatu mwaka 2020 na New Orleans Saints, na miaka ikapita bila kung'aa. Philadelphia Eagles walipomhamishia katikati mwaka 2024 aliingia katika kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi, na katika fainali ya Super Bowl ya msimu huo alinasa pasi ya Patrick Mahomes. Kama unaona kijana wako hataanza mwaka wa kwanza, sema pia kama amewahi kucheza katika vikosi maalumu vya mipira ya mateke na alifanyaje huko, kwa sababu lainibeki wa raundi ya nne hadi ya saba hupata nafasi yake ya kwanza kikosini kwa kazi hiyo, na kocha wake atauliza habari hiyo kabla ya kuuliza nyingine yoyote.