Namna ya Kutumia Akili Unde Katika Picha za Moyo za Mgonjwa wa Saratani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya madaktari, wataalamu wa eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) na wauguzi wanaofuatilia moyo wa mgonjwa anayepata dawa za saratani zinazoweza kuudhuru. Nitafuata mfano wa mama mwenye saratani ya matiti yenye protini ya HER2 kwa wingi, anayepewa doksorubisini kwa mizunguko minne ya miligramu 60 kwa kila mita ya mraba ya mwili, yaani jumla ya miligramu 240 kwa kila mita ya mraba, kisha trastuzumabu kwa mwaka mzima. Doksorubisini huharibu seli za misuli ya moyo, na hatari yake hukua kadiri dozi zinavyojumlishwa. Trastuzumabu huweza kupunguza nguvu ya moyo kusukuma damu, ingawa mara nyingi moyo hurejea katika hali yake tatizo likigunduliwa mapema. Tunachokitafuta kwa mgonjwa huyu ni mabadiliko, na mabadiliko hayawezi kuonekana bila picha ya mwanzo ya kulinganishia.

Kwa sababu hiyo, kazi huanza kabla ya dozi ya kwanza. Mlaze mgonjwa kwa ubavu wa kushoto, bandika waya za ECG zinazosoma umeme wa moyo, mpime shinikizo la damu na uliandike kwenye ripoti, kisha rekodi angalau mapigo matatu katika kila moja ya pembe tatu zinazochukuliwa kutoka kwenye ncha ya moyo, kwa kasi ya fremu 50 hadi 80 kwa sekunde. Mama aliyefanyiwa upasuaji wa titi la kushoto anaweza kuwa na kovu linalouma pale pale unapotaka kukandamiza kipimo, yaani kifaa cha mkononi cha eko, hivyo muulize kwanza na umpe muda; picha iliyochukuliwa huku amebana pumzi kwa maumivu haina faida kwa programu yoyote. Hifadhi picha zenyewe katika mfumo wa DICOM, yaani muundo sanifu wa faili za picha za hospitali. Mgonjwa anayetibiwa saratani Ocean Road na kupimwa moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Muhimbili hasaidiwi sana na karatasi iliyoandikwa namba ya nguvu ya moyo, “EF 60”, peke yake, kwa kuwa miezi mitatu baadaye hakuna anayeweza kurudi kuangalia namba hiyo ilipatikanaje.

Picha zikiwa tayari, programu huchora mstari kuzunguka ukuta wa ndani wa chemba ya chini ya kushoto, hufuatilia mwendo wake, kisha hutoa namba mbili. Ya kwanza ni EF, yaani asilimia ya damu inayosukumwa nje katika kila pigo. Ya pili ni GLS, inayoonyesha misuli inafupika kwa asilimia ngapi kwa urefu wake, na huandikwa kwa alama ya kutoa. Uwezo wa teknolojia hii si wa kubeza. Programu ya EchoNet-Dynamic ya Chuo Kikuu cha Stanford, iliyochapishwa mwaka 2020, ilifunzwa na kujaribiwa kwa video zaidi ya 10,000. Katika jaribio la mwaka 2023, madaktari wa moyo ambao hawakuambiwa nani alitangulia kupima walirekebisha kwa kiasi kikubwa asilimia 16.8 ya vipimo vilivyoanzishwa na akili unde, na asilimia 27.2 ya vile vilivyoanzishwa na wataalamu wa eko.

Hata hivyo, programu hiyo hiyo ya mwaka 2020 ilikosea EF kwa wastani wa pointi 4.1 kwenye picha za Stanford, na pointi 6 kwenye picha za hospitali nyingine. Mwongozo wa Jumuiya ya Madaktari wa Moyo ya Ulaya wa mwaka 2022 unahesabu kushuka kwa EF kwa pointi 10, hadi chini ya asilimia 50, kuwa dalili ya madhara ya tiba. Kosa la pointi 6 kwenye mpaka wa pointi 10 linatosha kumkatishia dawa mtu ambaye moyo wake ni mzima, au kumwacha aendelee na dawa huku moyo unadhoofika.

Ndiyo maana hatua ninayoisisitiza kuliko zote ni kuukagua mstari kabla ya kuisoma namba. Kwanza andika makadirio yako mwenyewe ya EF, maana ukishaiona namba ya mashine jicho lako huanza kukubaliana nayo. Kisha cheza video taratibu huku mstari ukiwa juu yake. Je, umefika kweli kwenye ncha, au ncha imekatwa na chemba inaonekana fupi na ya mviringo? Je, umeingia kwenye misuli inayoshikilia vali ya mitrali, ukaifanya chemba ionekane ndogo kuliko ilivyo? Angalia kwa makini ukuta wa pembeni, kwani huko kivuli cha mbavu na pafu hufuta picha, na programu isipoona kitu huweza kukisia. Ukuta usioonekana kwa jicho lako usikubaliwe kwa sababu tu umechorewa mstari. Rekebisha kwa mkono, au chukua picha upya.

Chukulia kwamba mama huyu alianza na EF ya 61 na GLS ya −20.5, na baada ya miezi mitatu ya trastuzumabu ana EF ya 54 na GLS ya −16.8. EF bado iko juu ya 50 na mtu mwenye haraka angempitisha. Lakini GLS imepungua kwa pointi 3.7, ambazo ni asilimia 18 ya ile ya mwanzo, na mwongozo wa Ulaya unaweka mpaka kwenye asilimia 15. Kabla ya kupiga simu kwa daktari wa saratani, hakikisha shinikizo la damu halijapanda kuliko siku ya kwanza, mama hana homa wala upungufu mkubwa wa damu, na ametumiwa mashine na programu ile ile, kwa kuwa GLS hutofautiana kati ya watengenezaji. Pima troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, ikiwezekana, na urudie eko baada ya wiki mbili au tatu. Mabadiliko yakithibitika, daktari wa moyo na wa saratani waamue pamoja. Mara nyingi dawa za kulinda moyo huanzishwa huku tiba ya saratani ikiendelea. Uamuzi wa kusimamisha trastuzumabu usitokane na namba ya programu pekee, kwa sababu saratani nayo inaua.

Hospitali isiyo na mtaalamu wa eko inaweza kutumia programu inayomwelekeza mpimaji namna ya kushika kipimo, ya aina iliyoidhinishwa Marekani Februari 2020. Wauguzi 8 wasiokuwa na uzoefu waliitumia kwa wagonjwa 240 na wakapata picha zinazotosha kutathmini ukubwa wa chemba, nguvu yake kwa ujumla na maji kuzunguka moyo. Itumie kwa maswali hayo, na umpe rufaa mgonjwa anapohitaji kulinganishwa GLS.

Kabla ya kununua programu yoyote, ijaribu kwa picha za wagonjwa wako mwenyewe, wakiwemo waliokatwa titi, na ulinganishe na wasomaji wawili wasiojua majibu yake. Muulize muuzaji picha zinatumwa kwenye seva ya nchi gani, ufute jina la mgonjwa lililochapwa juu ya picha, na uzingatie Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 au ile ya Kenya ya mwaka 2019. Andika toleo la programu kwenye kila ripoti. Toleo likibadilishwa katikati ya tiba, rudisha zile picha za mwanzo zipimwe upya kwa toleo jipya, ndipo ulinganishe.