Kabla hujaenda kupasuliwa: ngozi kwanza, na wembe uweke mbali

Oga kwa sabuni usiku wa kuamkia upasuaji au asubuhi yake. Kata kucha. Pete na hereni ziache nyumbani. Sigara acha angalau wiki nne kabla. Kama una kisukari, ishushe mapema, maana sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu hushindwa kupambana sawasawa na vijidudu.

Na usijinyoe kwa wembe.

Mimi nilijinyoa. Nilikuwa nakwenda kupasuliwa ngiri, jirani akaniambia ukienda na nywele utawachelewesha. Usiku nikanyoa kinena chote. Asubuhi ngozi inawaka, ina vipele vyekundu, na sikumwambia mtu. Siku ya tano mshono ukavimba, ukawa wa moto. Siku ya saba usaha ukachuruzika katikati ya nyuzi. Nyuzi zikafumuliwa, kidonda kikaachwa wazi, nikawa naenda kusafishwa kila siku kwa wiki sita. Nililia kama mtoto.

Nesi aliyekuwa akinifunga ndiye aliyenifumbua macho. Ngozi ya kila mtu ina bakteria, hata uoge vipi. Wengi hawana neno, tena huziba nafasi wakorofi wasizagae. Lakini wembe huacha mikwaruzo usiyoiona. Humo wanaingia, wanazaliana usiku kucha, na asubuhi daktari anapokata, wapo pale pale kwenye njia ya kisu. Shirika la Afya Duniani lilishakataza kunyoa kabla ya upasuaji katika mwongozo wake wa 2016: nywele ziachwe, na zikibidi kuondolewa, zipunguzwe kwa mashine tu. Hiyo ni kazi ya hospitali, si yako bafuni.

Ukisharudi nyumbani, wekundu kidogo na joto siku mbili tatu za mwanzo visikutishe. Ni kinga ya mwili imefika kusafisha. Usimwagie spiriti. Usifungue kapsuli ukanyunyizia unga wake juu ya mshono, hata kama ndivyo walivyofanya wote kwenu. Lakini maumivu yakizidi badala ya kupungua, ukaona usaha, ukasikia harufu au homa, rudi hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Dawa ulizoandikiwa zimalize. Nawa mikono kabla ya kugusa bandeji. Na wanaokuja kukupa pole wasifunue kidonda kukitazama.